Jinsi ya Kuchagua Darubini au Kilengeo cha Bunduki ya Wenzo

Bunduki ya wenzo ni ile ambayo mpigaji hushusha na kupandisha mkono wa chuma uliozunguka kifyatulio ili kutoa ganda tupu na kuingiza risasi mpya. Makao yake halisi ni Marekani, na hasa misitu ya majimbo kama Pennsylvania, Maine na Michigan, ambako kulungu wa mkia mweupe huonekana kwa sekunde chache tu kati ya miti, na mara nyingi huwa hajafika hata mita 80 kutoka alipo mwindaji. Pennsylvania hairuhusu bunduki zinazojipakia zenyewe katika uwindaji wa wanyama wakubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya bunduki za wenzo kuendelea kupendwa huko. Mwongozo huu unamlenga msomaji anayeishi mahali ambapo anaruhusiwa kisheria kumiliki bunduki hiyo na kuwinda nayo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa aina hiyo tangu mwaka 1977, na Tanzania huuruhusu kwa leseni na vibali maalumu tu.

Watu wengi huanza kwa kuuliza darubini gani ni nzuri. Mimi ninaona swali hilo lifike mwisho, kwa sababu bunduki yenyewe, macho yako na umbali unaopigia kwa kweli vitakuwa vimekwisha kuondoa zaidi ya nusu ya vifaa vilivyopangwa dukani kabla hujatoa hata shilingi moja.

Hatua ya kwanza: tazama ganda linatokea wapi

Anza kwa kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi. Bunduki nyingi za wenzo hubeba risasi ndani ya mrija ulio chini ya mtutu, na risasi moja inaweza kubaki ndani ya mrija huo ilhali chemba, yaani nafasi ambamo risasi hukaa tayari kupigwa, ni tupu. Kwa hiyo vuta wenzo mara kadhaa hata baada ya kuona hakitoki kitu, kisha tazama ndani ya chemba na uipapase kwa kidole.

Sasa angalia tundu ambalo ganda hutokea. Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Browning na kutengenezwa zaidi ya milioni 7, kwa miongo mingi ilirusha ganda juu moja kwa moja. Ukiweka darubini juu ya tundu hilo, ganda litagonga darubini na kurudi ndani, au litakwama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda kilibadilisha mtambo ili ganda litoke kwa mshazari kuelekea kulia, na bunduki za kuanzia hapo hupokea darubini bila shida. Nakala za kisasa za bunduki za mwaka 1866, 1873 na 1892 nazo hurusha ganda juu.

Marlin walishika njia nyingine tangu mwaka 1889, kwa kuifunga sehemu ya juu na kutoa ganda ubavuni. Marlin 336, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ina mgongo bapa, na zile zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1950 zina matundu ya skrubu yaliyokwisha kutobolewa juu yake. Bunduki nyingi za Henry za kisasa, zile za risasi kubwa, zina mpangilio unaofanana na huo. Savage 99 na Browning BLR pia hutoa ganda ubavuni, na kwa kuwa hazitumii mrija, hupiga risasi zenye ncha kali zinazofika mbali zaidi, na kwa hiyo zina haki ya darubini yenye nguvu zaidi kuliko ndugu zake.

Mwenye Winchester ya zamani anabaki na njia tatu. Anaweza kutumia kilengeo cha tundu, au kuweka darubini ya mbele juu ya mtutu (hivi viwili nitavieleza katika hatua ya nne), au kuibandika darubini pembeni upande wa kushoto. Hii ya tatu siipendekezi kwa mtu yeyote, maana humlazimu mpigaji kuning'iniza shavu hewani. Tafadhali pia usimpe fundi bunduki ya babu yako aitoboe matundu mapya juu ya chuma. Bunduki ya zamani ambayo haijaguswa ina thamani kwa wakusanyaji, na thamani hiyo huondoka siku keekee inapoingia.

Hatua ya pili: kadiria umbali wako kwa uaminifu

Chukua risasi maarufu kuliko zote katika bunduki hizi, yaani .30-30. Risasi ya greni 170 (greni ni kipimo kidogo cha uzito wa risasi) hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban futi 2,200 kwa sekunde. Ukiilinganisha ipige katikati kwenye yadi 100, itakuwa imeshuka karibu sentimita 20 ikifika yadi 200. Ile ya .45-70 ya mtindo wa kale, yenye greni 405, hushuka karibu sentimita 60 katika hali hiyohiyo. Sababu mojawapo ni umbo: risasi za mrija zimezoeleka kuwa na pua bapa, kwa kuwa hupangwa moja nyuma ya nyingine, na ncha kali ikikaa juu ya fataki (kiwashio kilicho nyuma ya ganda) ya risasi iliyo mbele inaweza kuilipua. Siku hizi zipo risasi zenye ncha ya plastiki laini ambazo hupunguza tatizo hilo na kuongeza umbali kidogo, lakini hazigeuzi bunduki ya msituni kuwa bunduki ya nyikani.

Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba ukuzaji wa mara 9 kwenye .30-30 unakuonyesha vizuri sana mnyama ambaye hupaswi kumpiga. Tena unakunyang'anya upana wa kuona. Darubini ya mara 3 hadi 9, ikiwekwa kwenye 9, huonyesha upana wa chini ya mita 5 tu kwa umbali wa mita 100. Kwa umbali wa mita 25 upana huo haufiki hata mita moja na robo, na kulungu anayekimbia huupita kabla jicho halijamtambua.

Andika kwenye karatasi umbali wa wanyama watano wa mwisho uliowapiga, au ambao ungeweza kuwapiga. Ikiwa hakuna aliyevuka mita 100, huhitaji zaidi ya mara 4. Ikiwa unawinda kwenye kingo za mashamba na umbali hufika mita 150 au zaidi kidogo, darubini ya mara 2 hadi 7 inatosha na kubaki.

Hatua ya tatu: yapime macho yako

Vilengeo vya kiwandani huwa viwili: kimoja kipo nyuma, juu ya mtutu, chenye umbo la herufi V au la pembe za ng'ombe, na kingine ni shanga ndogo mbele. Jicho hutakiwa kuona vitu vitatu kwa wakati mmoja, yaani kilengeo cha nyuma, shanga na mnyama. Kijana wa miaka 20 huweza. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa, na kilengeo cha nyuma hugeuka kuwa ukungu.

Theodore Roosevelt ni mfano unaotuhusu. Alipotua Mombasa Aprili 1909 kwa safari yake ndefu ya uwindaji, alibeba, pamoja na bunduki nyingine, Winchester ya mwaka 1895 ya kaliba .405, ambayo ni bunduki ya wenzo. Alikuwa na macho mabovu kiasi cha kusafiri na miwani kadhaa ya akiba, na jicho lake la kushoto lilikuwa limeharibika kwa sababu ya ndondi. Alipiga wanyama wengi, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kujisifu kuwa mlenga shabaha hodari. Leo mtu mwenye macho kama yake asingekuwa na sababu ya kung'ang'ania shanga na pembe za ng'ombe.

Iwapo unafikiria kilengeo cha nukta nyekundu, yaani kioo chenye nukta inayowaka unayoiweka juu ya shabaha, jipime kwanza kama una astigmatizimu, kasoro ya jicho inayopotosha umbo la vitu. Tazama nukta ukiwa dukani: ikionekana kama nyota, kama mkia wa kimondo au kama kishada cha zabibu, piga picha ya nukta hiyo kwa simu kupitia kioo. Ikiwa ya pichani ni duara safi, kasoro ipo jichoni na si kwenye kifaa, na kubadilisha chapa hakutakusaidia. Kwa mtu wa namna hiyo, darubini yenye msalaba uliochongwa kwenye kioo au kilengeo cha tundu ni bora zaidi.

Hatua ya nne: chagua aina ya kifaa

Ninaanza na kilengeo cha tundu, kwa sababu wauzaji hukisahau, labda kwa kuwa faida wanayopata wakikiuza ni ndogo. Ni pete ndogo ya chuma inayofungwa nyuma, juu ya kisanduku cha mitambo au kwenye shingo ya kitako. Mpigaji hatazami pete hiyo. Hutazama kupitia ndani yake, na jicho lenyewe huipeleka shanga katikati ya duara bila kuambiwa. Hivyo vitu vya kuangalia hupungua kutoka vitatu hadi viwili. Aidha, umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele huongezeka, pengine kutoka sentimita 40 hadi 65, na kosa dogo la mkono hupungua kwa kiwango hichohicho. Hakina betri, hakina kioo cha kuingia ukungu, na hakiongezi uzito wa kusikika. Chagua tundu pana kwa msituni na tundu jembamba kwa uwanja wa shabaha. Vingi huuzwa na sahani za kubadilisha.

Kasoro yake ni giza. Dakika ishirini za mwisho za mchana, ambazo ndizo kulungu hutembea, tundu huwa jeusi kabla darubini haijaanza kulalamika.

Darubini ya ukuzaji mdogo ndiyo ninayompendekezea mtu mwenye Marlin, Henry au Winchester ya miaka ya karibuni. Tafuta ya mara 1 hadi 4, au 1.5 hadi 5, au ile isiyobadilika ya mara 2.5, ambayo huwa nyepesi kuliko zote. Zipo za chini ya gramu 200. Wengi hudhani lenzi ya mbele lazima iwe kubwa ili mwanga uingie. Fanya hesabu mwenyewe: gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, na utapata upana wa mwali unaofika jichoni. Milimita 20 kwa mara 4 ni milimita 5. Milimita 40 kwa mara 9 ni 4.4. Mboni ya mtu mzima gizani haipanuki zaidi ya milimita 5 hadi 7, kwa hiyo ile darubini ndogo haiko nyuma hata kidogo, na unaweza kuifunga chini kabisa karibu na mtutu.

Kufunga chini si suala la urembo. Vitako vya bunduki hizi vilichongwa vikiwa vimeinama ili jicho lilingane na vilengeo vya chuma. Mimi niliwahi kununua darubini yenye lenzi ya milimita 50 kwa ushauri wa muuzaji mmoja, nikaifunga kwa pete ndefu juu ya 336, na msimu mzima nililenga kidevu kikiwa ndicho kinachogusa mbao. Bunduki iliyozoea kupanda begani ikiwa tayari imelenga ikawa ya kutafutiwa jicho kila mara. Ukilazimika kutumia pete ndefu, funga pedi ya ngozi juu ya kitako ili kuinua shavu.

Nukta nyekundu inafaa sana kwa mtu anayewinda nguruwe pori au dubu kwenye vichaka, macho yote mawili yakiwa wazi. Angalia ukubwa wa nukta, unaopimwa kwa dakika za pembe. Dakika moja ni karibu sentimita 2.9 kwa mita 100, kwa hiyo nukta ya dakika 2 hufunika karibu sentimita 6 na ile ya dakika 6 hufunika zaidi ya 17. Kwa kazi ya jumla, chukua ya 2 au 3. Baadhi ya vifaa hivi huwaka mfululizo kwa saa 50,000 kwa betri moja, yaani zaidi ya miaka mitano, lakini hata hivyo badilisha betri kila mwanzo wa msimu.

Darubini ya mbele, ile inayokaa juu ya mtutu na kutazamwa kutoka umbali wa sentimita 23 hadi 30, ilipata umaarufu kupitia Jeff Cooper, mwalimu na mwandishi Mmarekani wa mambo ya bunduki, katika miaka ya 1980. Ni suluhisho zuri kwa bunduki inayorusha ganda juu, ikiwa kuna msingi wa kuifunga bila kutoboa. Jua la asubuhi likiwa mgongoni mwako, hata hivyo, litaingia kwenye kioo cha nyuma na kukuachia weupe mtupu.

Hatua ya tano: nafasi ya jicho na nyundo

Umbali kati ya jicho na kioo cha nyuma usiwe chini ya sentimita 9, na kwa .45-70 uwe zaidi ukiweza. Bunduki nyepesi ya kaliba hiyo ina teke kali, na darubini iliyo karibu mno humchana mpigaji juu ya nyusi. Wazoefu hulijua kovu hilo kwa mbali.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha kufunga kila kitu ni nyundo, kile chuma cha nyuma kinachovutwa kwa kidole gumba na kinachoangukia mbele kupiga risasi. Darubini ikikaa juu yake, kidole gumba hakipati nafasi ya kuivuta, na jambo la hatari zaidi, hakipati nafasi ya kuirudisha polepole. Nunua kipande cha kuongeza nyundo, ambacho hufungwa kwa skrubu ndogo na kuchomoza kulia au kushoto kulingana na mkono wako. Kisha fanya mazoezi ya kushusha nyundo bila risasi, mtutu ukielekea mahali salama, mara hamsini au zaidi. Nyundo inayoponyoka kidoleni juu ya risasi iliyo chembani ni risasi iliyopigwa.

Hatua ya sita: kufunga

Futa mafuta kwenye matundu ya skrubu na kwenye skrubu zenyewe kwa spiriti. Weka tone dogo la gundi ya nyuzi za skrubu, ile ya buluu inayoweza kufunguliwa, kamwe si nyekundu. Tumia bisibisi yenye kipimo cha nguvu: skrubu za msingi hukazwa kwa paundi-inchi 15 hadi 20 na za vifuniko vya pete 15 hadi 18, isipokuwa mtengenezaji ametaja kiwango chake. Skrubu hizi ni nyembamba, na mkono wenye hasira huzikata.

Kabla ya kukaza pete, vaa koti lako la baridi, funga macho, pandisha bunduki begani, kisha fumbua. Ukiona duara kamili lisilo na kivuli, darubini iko mahali pake. Ukilazimika kuvuta shingo, isogeze. Jaribio hili lifanywe darubini ikiwa kwenye ukuzaji wa juu kabisa, ambapo jicho halipewi msamaha.

Hatua ya saba: kulinganisha

Vaa kinga ya masikio na miwani. Laza sehemu ya mbele ya mbao juu ya mfuko wa mchanga, na usilaze mtutu wala mrija, kwa sababu katika bunduki hizi mrija na mtutu hufungwa pamoja na msukumo wowote huhamisha risasi.

Anza mita 25. Kliki moja ya kirekebishi cha darubini, ya robo dakika ya pembe, husogeza risasi chini ya milimita 2 kwa umbali huo, kwa hiyo ukikosea sentimita 10 utahitaji karibu kliki 55, na usishangae. Risasi ya .30-30 inayogonga katikati hapo huelekea kugonga sentimita chache juu kwa mita 100, na huo ni mwanzo mzuri. Hamia mita 100, piga tatu, acha mtutu upoe hadi uweze kuushika, kisha piga tatu nyingine. Mtutu mwembamba ukipata moto husambaza risasi, na mtu huanza kurekebisha kosa ambalo halipo.

Kwa kilengeo cha tundu, mara nyingine utakishusha hadi mwisho na bado risasi zitagonga juu. Dawa yake ni shanga ndefu zaidi. Zidisha kosa kwa umbali kati ya vilengeo, kisha gawanya kwa umbali wa shabaha. Kosa la milimita 120 kwa mita 50, vilengeo vikiwa mbali kwa milimita 650, hutoa takriban 1.6, na hicho ndicho kimo cha milimita unachoongeza mbele.

Tahadhari moja kwa anayeishi Marekani na mwenye ndugu nyumbani wanaoagiza: darubini za bunduki zimo katika bidhaa ambazo serikali ya Marekani hudhibiti kutolewa kwake nje ya nchi. Usiitie moja kwenye begi la kwenda Dar es Salaam au Mombasa kama zawadi bila kuulizia kibali cha pande zote mbili.

Shabaha ikikubalika, andika kwenye daftari aina ya risasi na uzito wake kwa greni, kwa sababu sanduku la aina nyingine litagonga pengine. Kisha chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kuanzia kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma kilicho kando yake. Baada ya risasi ishirini za kwanza rudi uitazame mistari hiyo. Ukikuta mmoja umekatika, skrubu hiyo imelegea.